Chuma kitabaki, waliomo je?
Kaka mwandishi, deraya za kwenye sinema tuziache, maana kifaru cha kweli kilishajaribiwa. Oktoba 1953 Waingereza waliegesha Centurion huko Emu Field, Australia, chini ya mita 500 kutoka bomu la nyuklia la kilotoni 9 hivi. Kilisukumwa, kikachubuka, kisha kikawashwa na kuendeshwa. Baadaye kikapelekwa hadi Vietnam! Ila wangekuwamo watu, mshindo ungewaua. Nyinyi mnaobishana hapo juu kuhusu unene wa chuma, mimi nachomelea boti hapa Kindu: niwe ndani, mwenzangu agonge ubavuni kwa nyundo, bati halibonyei lakini masikio yanalia mpaka jioni. Na nyutroni je, ambazo hupenya chuma? Halafu mbona hakuna anayetaja mgodi wa Shinkolobwe? Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka huko Katanga, kwetu Kongo.