Faragha si Kutojulikana: Maoni Kuhusu Zana za Kujisitiri Mtandaoni

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ndiyo inayoingia mtungini na kujua maji yamebaki kiasi gani. Nashikilia kuwa methali hii inaeleza suala la kujisitiri mtandaoni kwa usahihi kuliko matangazo mengi ya kibiashara. Siku hizi wanafunzi vyuoni huulizana: kati ya VPN, Tor, Signal na hali fiche ya kivinjari, ni ipi iliyo bora? Maoni yangu ni kwamba swali hilo halijibiki hadi tuulize jingine: tunataka kuficha nini, na tunamficha nani? Aidha, naamini kuwa wapenzi wa Kiswahili wana mchango mahususi katika mjadala huu, kwani kiini cha mkanganyo uliopo ni istilahi.

Tazama jinsi neno 'siri' linavyobebeshwa mizigo mitatu. Wa kwanza ni usiri wa ujumbe, yaani maneno yasisomwe na asiyekusudiwa. Wa pili ni kutojulikana, yaani maneno yasomwe lakini msemaji asitambuliwe. Wa tatu ni faragha, ambayo ni haki ya mtu kuamua nani ajue nini kumhusu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua haki hiyo katika Kifungu cha 31, ikiwemo faragha ya mawasiliano. Kwa hivyo faragha ni haki. Usiri na kutojulikana ni njia mbili za kuilinda, na njia hizo hazifanani.

Mwanafunzi wa ushairi hapaswi kutatizika hapa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 19, alitumia mafumbo: mtunzi alifahamika, maana ndiyo iliyositiriwa. Shairi linalobandikwa ukutani bila jina ni kinyume chake: kila apitaye hulielewa, ila hamjui aliyelitunga. Fumbo halimfichi mtunzi, na kukosa jina hakufichi maana. Hebu tuzipime zana zetu kwa mizani hiyo.

Tuanze na hali fiche ya kivinjari. Jina lake linaahidi mengi, ilhali kazi yake ni ndogo: kivinjari hakihifadhi historia wala vidakuzi mtumiaji akishafunga dirisha. Humfaa anayetumia tarakilishi ya saiba au ya maktaba, asiyetaka ajaye baada yake aone alichosoma. Mwenye mtandao na tovuti zinazotembelewa bado humwona. Mnamo 2024, katika kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020 kuhusu hali hiyo, kampuni ya Google ilikubali kuharibu rekodi nyingi za matumizi ya watu. Wengi walikuwa wameliamini jina kuliko zana.

Ya pili ni VPN, ambayo huitwa pia mtandao pepe wa faragha. Hii hujenga njia iliyosimbwa kati ya kifaa cha mtumiaji na seva ya kampuni inayotoa huduma. Chuo, hoteli au kampuni ya simu haioni tena tovuti zinazotembelewa, nazo tovuti huona anwani ya seva badala ya ya mtumiaji. Hata hivyo, macho hayajaondoka. Yamehamia kwa kampuni ya VPN, ambayo sasa ndiyo kata ya mtungi. Mwaka 2011, kampuni moja ya Uingereza yenye huduma ya aina hii ilitii amri ya mahakama na kutoa kumbukumbu za mteja aliyeshukiwa kwa udukuzi. Isitoshe, zipo VPN za bure ambazo hujilipa kwa kuuza data ya watumiaji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Zana ya tatu, Tor, ilizaliwa kutokana na utafiti wa Jeshi la Majini la Marekani katika miaka ya 1990, na ikatolewa kwa umma miaka ya 2000. Hufunika ujumbe kwa tabaka kama za kitunguu, kisha kuupitisha katika vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu tofauti. Kituo cha kwanza humjua mtumaji lakini hakijui aendako. Cha mwisho hujua aendako lakini hakimjui mtumaji. Hapa hakuna kata moja iliyoujua mtungi wote, na ndiyo sababu Tor inaipiku VPN katika kutojulikana. Gharama yake ni mwendo wa pole, na tovuti nyingine huikataa. Fauka ya hayo, mwenye mtandao anaweza kutambua kwamba mtu fulani anatumia Tor, hata kama haoni anachofanya. Mnamo Desemba 2013, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma vitisho vya bomu kwa kupitia Tor ili akwepe mtihani. Alipatikana upesi, kwa kuwa alikuwa ametumia mtandao wa chuo, na rekodi za chuo zilionyesha waliokuwa wakitumia Tor saa hizo.

Ya nne ni programu za ujumbe. WhatsApp, tangu 2016, husimba ujumbe kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, na hutumia mbinu ile ile ya Signal. Hili ni fumbo kamili: kampuni haiwezi kuyasoma maneno yakiwa njiani. Tofauti yao ni katika yanayozunguka maneno: nani aliwasiliana na nani, lini, na mara ngapi. WhatsApp huweza kujua mengi ya haya. Signal ilipoamriwa mwaka 2016 kutoa taarifa kwa mahakama ya Marekani, ilikuwa na tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti na siku ya mwisho ya kuunganishwa tu. Licha ya hayo, zote mbili huhitaji nambari ya simu wakati wa kujisajili, na hapa Kenya laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Usiri upo, kutojulikana ni jambo jingine.

Watakuwepo watakaouliza: asiye na hatia anajificha nini? Hoja hii inasahau kwamba pazia la mlangoni halimaanishi nyumba ni ya mwizi. Msichana anayetafuta ushauri wa afya na mfanyakazi anayefichua ufisadi hawajavunja sheria. Ni kweli pia kwamba kisa cha Harvard kinaonyesha kuwa zana hizi huweza kutumiwa vibaya, kama kisu cha jikoni, lakini hatujaacha kupika.

Suala hili linatugusa zaidi sisi watafiti. Anayekusanya simulizi za wanawake walionusurika dhuluma, au nyimbo za vijana zinazokosoa watawala, huwaahidi watoa taarifa kwamba hawatatambuliwa. Kisha huzihifadhi sauti zao kwenye rununu isiyo na nywila na kuzituma kwa barua pepe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatofautisha kuondoa kabisa vitambulishi vya mtu na kumpa lakabu inayoweza kufumbuliwa kwa taarifa nyingine. Anayeandika 'Bi. X wa kijiji fulani, mke wa chifu' hajamficha mtu yeyote.

Pendekezo langu ni kwamba kozi za mbinu za utafiti katika idara zetu zifundishe tofauti hizi, na wanaounda istilahi wasiridhike na 'siri' kwa kila dhana. Anayemficha mwenzake wa chumbani atosheke na hali fiche. Anayemficha mwenye mtandao atumie VPN anayoiamini. Anayeficha maneno atumie Signal. Anayejificha yeye mwenyewe atumie Tor, na akumbuke kuwa akiingia katika barua pepe yenye jina lake, amejitangaza kwa kinywa chake. Kabla ya kuchagua zana, kila mmoja wetu ajiulize ni nani ameishika kata.