Zaka Si Hisani, Tuifundishe kwa Hesabu

Mwulize mwanafunzi yeyote wa somo la dini ya Kiislamu akutajie nguzo tano, naye atakutajia bila kusita: shahada, swala, zaka, saumu na hija. Mwulize tena mjomba wake mwenye duka anapaswa kutoa zaka kiasi gani mwaka huu. Hapo atakukodolea macho.

Lawama si yake. Swala tunamfundisha kwa vitendo: anatawadha mbele ya mwalimu, anarukuu, anasujudu, na akikosea anarudia. Saumu anaionja mwenyewe kila Ramadhani. Zaka ndiyo inayobaki ubaoni, imefasiriwa kwa maneno mawili matatu kuwa ni kuwasaidia maskini, kisha somo likasonga mbele kwenye hija.

Fasiri hiyo ina kasoro kubwa. Msaada ni hiari ya mtoaji, na jina lake katika dini ni sadaka. Zaka ni haki ya mpokeaji iliyomo ndani ya mali ya mwenzake. Kurani Tukufu imeiambatanisha na swala mahali pengi, na katika sura ya Tawba, aya ya 60, imewataja wenye haki hiyo mafungu manane, wakiwamo mafakiri, maskini, wenye madeni na wasafiri waliokwama. Mtume alipofariki mwaka wa 632, yalitokea makabila ya Uarabuni yaliyokubali kuswali lakini yakakataa kutoa zaka. Khalifa Abubakar aliyapiga vita. Hakuona njia ya kuzitenganisha nguzo mbili hizo.

Tena hii ni nguzo yenye hesabu. Mali ya fedha na biashara hutolewa zaka ikiwa imefikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85 hivi, na kutimiza mwaka wa Kiislamu. Kiwango ni asilimia 2.5: mwenye duka aliyebakiwa na shilingi 4,000,000 za bidhaa na fedha taslimu atatoa 100,000. Mkulima anayetegemea mvua, mavuno yake yakifikia kiwango, hutoa sehemu moja ya kumi. Anayemwagilia kwa gharama yake hutoa nusu ya hiyo. Mfugaji wa mbuzi haguswi mpaka wafike 40. Hapo hutoa mmoja, na huyo mmoja humtosha hadi 120.

Asiyefunzwa hesabu hiyo, akikua hukisia. Ndiyo maana kila Ramadhani huonekana, katika miji yetu, vikongwe waliofunga wamepanga foleni juani langoni mwa tajiri, wakingojea noti anazogawa mpaka zimwishie mkononi. Hakupima mali yake. Alipima kitita alichotoka nacho benki. Nao huondoka wakimwombea dua, pengine kwa kupewa pungufu ya kilicho chao. Maskini wenye haya, ambao si wachache, hata foleni hiyo hawafiki.

Walimu wa shule na wa madrasa wanaweza kuanza kulirekebisha jambo hili kwa chaki tu. Swali la kutaja nguzo tano lipumzishwe kidogo. Badala yake iulizwe: mfugaji wa Garissa alikuwa na mbuzi 120 wa machungani, na kabla ya mwaka kutimia akazaliwa mmoja zaidi. Atoe wangapi, na awape nani? Jibu la kwanza ni wawili. La pili mwanafunzi aende akalitafute mtaani kwao.