Fanta Gani?

Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili husikika sana, mgeni huulizwa: "Fanta gani?" Nchini Rwanda neno hilo ni la soda yoyote. Wengi hutaka citron, ile ya manjano yenye ladha ya limau. Wapendao uchungu huchagua tonic. Uchungu huo ni wa kwinini, dawa ya kale ya malaria itokanayo na gamba la mti wa sinkona. Fanta ya kwanza, Ujerumani mwaka 1940, ilitengenezwa kwa makapi ya matofaa, kwa kuwa vita viliadimisha viungo.

Taabu humpata mwenye kisukari: kuikataa chupa ni kumvunjia heshima mwenyeji. Mama wa nyumba aliye mwangalifu humkamulia limau, akatia tangawizi iliyotwangwa na maji yaliyochemshwa yakapoa, bila sukari.