Dawa ya kichocho kwa watoto: Sayansi ipo, fedha je?

KIWANDA cha dawa cha Universal Corporation mjini Kikuyu, magharibi mwa Nairobi, ni mshirika katika mpango wa kutengeneza barani Afrika arprazikwanteli, dawa ya kichocho ya watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha ubora wa dawa hiyo mwaka wa 2024, baada ya majaribio kufanywa nchini Kenya na Côte d'Ivoire.

Kwa hivyo, swali linalowakabili wakuu wa Wizara ya Afya katika Afya House si iwapo dawa inafaa, bali ni nani atakayeigharimia.

Kwa miongo kadhaa, kichocho kimetibiwa kwa prazikwanteli. Molekuli zake ni za aina mbili, zinazofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Aina moja ndiyo huangamiza minyoo; nyingine huongeza tu ukubwa wa kidonge na uchungu wake. Mtu mzima huvumilia, mtoto wa miaka miwili hutema. Hii ni mojawapo ya sababu zilizofanya takriban watoto milioni 50 wasiofikia umri wa shule kuachwa nje ya kampeni za matibabu.

Kuzitenganisha aina hizo si kazi rahisi. Dawa inapoganda, molekuli za kulia na za kushoto hupangana pamoja katika fuwele moja. Fuwele hiyo ni imara, na huhitaji joto kali zaidi ili iyeyuke kuliko fuwele ya aina moja pekee.

Mnamo 2011, watafiti walichapisha mbinu ya kutumia asidi ya jamii ya ile iliyomo katika ukwaju. Asidi hiyo huungana na kitangulizi cha dawa, na chumvi ya aina moja huganda kwanza. Hata hivyo, nusu ya malighafi hubaki kando, na gharama yake humwangukia mtengenezaji.

Hapo ndipo sera inapoingia. Vidonge vya wanafunzi vimekuwa vikitolewa kama msaada na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia WHO. Msaada hutegemea hiari ya mtoaji, ilhali kiwanda huhitaji mnunuzi wa uhakika.

Bila fungu la bajeti, mtoto wa Mwea atazidi kuchezea mifereji ya mpunga yenye kichocho, huku ujuzi wa kutengeneza dawa yake ukiwa mwendo wa saa chache kutoka kwao.