Huyu Kobe Hana Kwingine

Wasee, jaribuni hii: taja mnyama mmoja anayepatikana Kenya pekee, dunia nzima. Simba? Wako hadi India. Ndovu? Botswana wamejaa. Twiga? Uliza Tanzania. Wengi wetu tunakwama hapo.

Basi mimi nakupa mmoja. Ni kobe wa maji wa Ziwa Turkana. Wanasayansi walimpa jina juzi tu, 1986, wakamuita Pelusios broadleyi. Gamba lake linafika kama sentimita 15, yaani urefu wa simu yako. Na gamba la chini lina bawaba upande wa mbele. Akishtuka, anakunja shingo kando, anaingiza kichwa, kisha anafunga mlango. Manze, kobe mwenye mlango!

Lakini kuna kitu huo mlango hauzuii: ziwa lenyewe kubadilika. Karibu asilimia 90 ya maji ya Turkana hutoka Mto Omo, kule Ethiopia. Mwaka wa 2016 bwawa la Gibe III lilizinduliwa kwenye huo mto. Omo ulikuwa unafurika kwa msimu wake. Sasa maji yanaachiliwa kwa ratiba ya mitambo ya stima. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na hilo bwawa lilikuwa sababu kubwa.

Najua komenti inayokuja: "Si ziwa limefurika miaka ya juzi, hata watu wakahama?" Ni kweli. Lakini maji kuwa mengi haimaanishi ziwa liko salama. Mafuriko ya msimu ndiyo huleta rutuba inayolisha samaki na kila kitu kingine humo ndani.

Komenti ya pili: "Watu wa Turkana wana njaa, wewe unatuletea kobe?" Huyu kobe anajulikana ufuo wa kusini-mashariki, upande wa Loiyangalani. Hapo hapo ndipo Waelmolo huvua samaki wa kula na kuuza. Ni maji yale yale. Usimchonganishe kobe na mvuvi, wako mtumbwi mmoja.

Sasa sikia hii. Tangu 2022, Kenya inanunua stima kutoka Ethiopia. Inawezekana hata simu unayosomea hii imechajiwa na stima ya huko. Sisemi tuzime taa, na sisemi bwawa libomolewe. Nasema sisi ni wateja, na mteja ana haki ya kuuliza kitu anachouziwa kimetoka wapi na kimeumiza nani. Serikali yetu ikikaa chini na Ethiopia kuongea bei ya stima, iongee pia maji: yataachiliwa lini, kiasi gani, na nani atapima ziwa na kututangazia matokeo.

IUCN ilimuorodhesha huyu kobe kati ya wanyama walio hatarini 1996. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Tumekuwa na muda wa kutosha kabisa wa kumjua.

Kwa hivyo mbunge wako akikuja kuomba kura, muulize kuhusu maji ya Omo. Akisema hiyo ni mambo ya Turkana, muulize stima ya nyumba yake inatoka wapi.