Tuvifungue Vitabu: Neno kwa Njombe na Makambako

Ndugu Waislamu, baina ya Makambako na Njombe kuna kilomita zipatazo sitini za barabara ya lami. Mbao hupita hapo, viazi hupita, majani ya chai hupita, na katika miaka ya karibuni maparachichi nayo yamejiunga na msafara. Mtu hutoka nyumbani asubuhi, akamaliza haja yake katika mji wa pili, akarejea kuiwahi Adhuhuri. Lakini kipo kitu kimoja kisichosafiri katika barabara hiyo, nacho ni kitabu. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeko Makambako, akikikosa kitabu cha fizikia, hunakili daftari la mwenzake au huingia mtihanini hivyo hivyo. Huenda kitabu hicho kimelala juu ya rafu mjini Njombe mwaka mzima bila ya kufunguliwa. Yeye halijui hilo, na aliyekiweka hapo hajui kwamba yupo anayekitafuta.

Hii ni hasara isiyokuwa na wa kushitakiwa. Hakuna aliyeiba wala aliyezuia, na kwa sababu hiyo inaendelea mwaka baada ya mwaka, na matokeo ya mitihani yakitoka tunawalaumu watoto.

Wapo watakaosema kwamba vitabu vyenyewe ni vichache. Ni kweli, navyo vitaendelea kuwa vichache kwa muda. Ila uchache ndio hoja ya kushirikiana. Mwenye ghala lililojaa hana haja ya jirani. Mwenye kibaba ndiye anayehitaji kujua jirani yake ana nini.

Ifahamike pia kwamba fikra ya maktaba kusaidiana si ngeni katika nchi hii. Taasisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa jina la East African Literature Bureau na kuundwa mwaka 1948, ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu sehemu za mbali na kuwaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba, Sidney Hockey, aliandika ripoti juu ya nchi zetu hizi, na akashauri huduma ya maktaba iendeshwe kama mtandao wa nchi nzima. Tanganyika ikatunga sheria yake mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu mjini Dar es Salaam, na sheria ya mwaka 1975 ikaleta jina tulijualo hivi sasa, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maana ya mpango huo ni kwamba vitabu vya umma vina mwenyewe mmoja. Kitabu cha Bodi kilichoko Iringa ni cha msomaji wa Makambako kama kilivyo cha msomaji wa Iringa. Kinachokosekana ni mtu wa kukiulizia na mtu wa kukibeba.

Na wabebaji hawakosekani pale penye nia. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, katika nchi kavu ya wafugaji wanaohamahama. Sisi tuna lami, tuna mabasi madogo yanayojaza abiria tangu alfajiri, na kondakta anayepokea vifurushi vya dawa, vipuri na mboga kila siku. Itakuwa ajabu ngamia akatushinda.

Turudi nyuma zaidi, kwani Waislamu wana historia katika jambo hili ambayo haisimuliwi vya kutosha katika darsa zetu. Yaqut al-Hamawi, mwanachuoni aliyeanza maisha yake akiwa mtumwa, alikaa katika mji wa Marw huko Khurasani hadi mwaka 616 Hijria, sawa na 1219 Miladia. Ameeleza kwamba alipouacha mji huo ulikuwa na maktaba kumi za wakfu, na kwamba nyumbani kwake hapakukosa mijalada mia mbili au zaidi ya kuazima, mingi yake akiwa amepewa bila ya kutakiwa rahani. Maktaba kumi katika mji mmoja, na mgeni asiyekuwa na ukoo wala mali anabeba mia mbili! Kutokana na vitabu hivyo alikusanya sehemu kubwa ya kamusi yake ya miji, Mu'jam al-Buldan, ambamo ndani yake mmetajwa Maqdishu na kisiwa cha Lanjuya, ambacho wataalamu wanakitambua kuwa ndicho Unguja. Yaani habari za pwani yetu ziliingia katika kitabu kikubwa cha Waislamu kwa mkono wa mtu aliyesomea vitabu vya kuazima. Miaka miwili baada ya kuondoka kwake, Wamongoli waliuteketeza mji ule pamoja na hazina zake.

Tusije tukadhaniwa tunasimulia upande mmoja. Kairo ilikuwa na mkasa wa namna nyingine. Madrasa ya Mahmudiyya, iliyojengwa mwaka 797 Hijria, ilikuwa na hazina ya vitabu vya thamani kubwa, na mwenye wakfu aliweka sharti kwamba kitabu kisitoke nje ya madrasa. Pamoja na sharti hilo vitabu vikapotea, mtunzaji akaondolewa, na kazi hiyo ikaja kushikwa na Ibn Hajar al-Asqalani mwenyewe, bingwa wa Hadithi, ambaye aliviandikia orodha upya. Baadaye Imamu Suyuti akatunga risala mahususi kutetea kwamba, panapokuwa na manufaa yasiyopatikana ila kwa kukitoa kitabu, inafaa kukiazima juu ya kuwepo kwa sharti lile. Tunawaachia wenye elimu kuipima hoja yake. Lililo wazi kwetu ni kwamba kufuli peke yake halikuvilinda vitabu vya Mahmudiyya, na kwamba mwanachuoni mkubwa kama Ibn Hajar hakuiona kazi ya kuandika orodha kuwa ni ya kumshushia hadhi.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na misikiti yetu. Ingia katika misikiti mingi ya mikoa hii, utaliona kabati la kioo karibu na mihrabu. Ndani yake mna mijalada yenye migongo ya dhahabu, tafsiri na sherehe za Hadithi, zawadi kutoka Madina, Riyadh au Kuwait. Ufunguo anao mtu mmoja, na mtu huyo amesafiri. Vitabu hivyo ni vya Kiarabu, na katika jamaa nzima anayeweza kuvisoma ni mmoja au wawili. Msikiti wa mji wa pili nao una mijalada ile ile, na pengine sehemu ya tatu imekosekana kwao wakati huku ziko mbili. Wakati huo huo hakuna kabati hata moja lenye vitabu vya Kiswahili vya kumtosha mtoto aliyekhitimu Juzuu Amma na anayetaka kuendelea kusoma. Wakfu umewekwa ili unufaishe, na kitabu kisichofunguliwa miaka kumi hakijamnufaisha aliyekitoa wala aliyepewa.

Tutaulizwa: kikipotea njiani, nani atalipa? Swali hili ni la haki, na mafakihi walilijibu zamani katika mlango wa ariya, yaani kuazimana. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kuazima hubeba dhamana ya kitu kikiharibika hata kama hakuzembea, isipokuwa uchakavu uliotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Mahanafi wao wanakihesabu kuwa amana, hivyo halipi ila akivuka mpaka au akizembea. Hatuingii hapa katika kuchambua dalili. Tunachosema ni kwamba maktaba mbili zinazotaka kuazimana zichague kanuni moja, ziiandike, na kila msomaji aisome kabla ya kutia sahihi. Kurasa zilizolegea kwa kusomwa hazina malipo. Kitabu kilicholowa mvua ya Njombe juu ya pikipiki kina malipo. Mambo yakiwa wazi hivyo, ugomvi hauna pa kuingilia.

Kuazimana peke yake hakutoshi, kwa sababu wengi wanaohitaji elimu iliyomo vitabuni hawatakuja kuazima kitabu. Chukueni suala la lishe. Mkoa wa Njombe, uliotengwa kutoka Iringa mwaka 2012, unalisha miji mingine kwa viazi, mahindi na maziwa, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Chakula kipo, ujuzi wa kumlisha mtoto mdogo haujafika. Vivyo hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya virusi vya ukimwi mkoani humo ni asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mkoa wenye mzigo wa namna hii haufai kuwa na maktaba inayosubiri wanafunzi wakimya tu. Maktaba ni mahali ambapo muuguzi anaweza kuzungumza na kina mama Jumamosi asubuhi, mtu mzima akajifunza kusoma maandishi ya chupa ya dawa, na mkulima akasomewa kwa sauti maelezo ya dawa za kunyunyizia viazi. Muuguzi aliyezungumza Njombe wiki hii anaweza kuzungumza Makambako wiki ijayo, naye atabeba vijitabu vile vile.

Au tazameni uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mna aina zaidi ya mia tatu za mimea, na okidi peke yake ni kadiri ya arubaini na tano. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuyatazama maua hayo. Mwaka 2011 kilitolewa kitabu cha picha kuyaeleza, kwa Kiingereza, na bei yake si ya mtoto wa Makete. Nakala moja ingetosha. Ikae miezi mitatu Makete, mitatu Njombe, mitatu Makambako, na kila inapofika mwalimu awakusanye watoto awafasirie. Hivyo mtoto angelijua jina la ua analolikanyaga akichunga ng'ombe.

Wengine watasema simu zimekuja na mambo haya yamepitwa. Ni kweli kwamba Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na mwenye kujua Kiarabu anaweza kubeba Maktaba Shamila nzima mfukoni. Lakini simu ni ya baba, bando limekwisha, na kioo kimepasuka. Na hao wenye simu nzuri hatujawaona wakisoma humo fizikia.

Kazi yenyewe inaweza kuanza na daftari. Kila msikiti, kila shule na kila maktaba iliyo tayari katika miji hii miwili iandike vitabu ilivyonavyo: jina, mtunzi, somo, na idadi ya nakala. Orodha zibadilishane. Tusiogope kuwafikia ndugu zetu Wakristo, ambao ndio wengi katika mkoa huu na wenye shule nyingi, kwa maana fizikia yao na yetu ni moja. Wachaguliwe watu wawili waaminifu, mmoja katika kila mji, wa kupokea maombi, na siku moja ya wiki iwekwe ya vitabu kusafiri. Sisi tungependekeza Alhamisi, ili kitabu kilichoombwa kimfikie mwenyewe Ijumaa baada ya Swala, mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika. Katibu wa kila msikiti ashike ufunguo wa pili wa kabati, na jina lake libandikwe mlangoni.