Kitabu cha Kompyuta Kianzie Kwihara

Mwalimu wa Tabora anayefundisha kupanga hifadhidata na kuandika programu hulazimika mara nyingi kutegemea kitabu cha Kiingereza ambacho mfano wake wa kwanza ni duka la ng'ambo. Mwanafunzi hubebeshwa mizigo miwili kwa pamoja: lugha, na somo lenyewe.

Kwihara ina mfano ulio bora. Huko, katika nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho, Livingstone aliwangoja wapagazi kutoka pwani tangu Machi hadi Agosti 1872. Na tuchukue daftari la msafara wowote wa njia ile. Iwapo jina la mpagazi na kijiji chake huandikwa upya kwa kila mzigo, kosa moja la kalamu humgeuza mtu mmoja kuwa wawili, na ujira wake hupotea. Dawa ni jedwali la wapagazi, jedwali la mizigo, na namba inayoyaunganisha. Edgar Codd aliiwekea fikra hiyo misingi ya kihesabu mwaka 1970. Karani wa masjala (tena yule mzee, si kijana) ataielewa kwa dakika kumi.

Wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno wamesahau Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri. Maneno yapo. Vitabu ndivyo haba. Nchi iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974 haina budi kujihadhari isiyafungie maarifa yake mlango wa pili.

Tunaiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iwaite walimu waandike kitabu hicho, kisha kijaribiwe mikoani kabla ya kuchapwa.